Stima Ikipotea, Samaki Watapumua Nini?

Leo tunaweka kando mambo ya msimbo na hifadhidata. Si kando sana, mtaona wenyewe. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijenga akwariamu ya maji ya chumvi ndani ya nyumba ya kupanga hapa Umoja, orofa ya tatu. Wengi mmeniuliza nilichagua vifaa vipi, basi nimeona niandike yote mahali pamoja.

Vitabu vingi kuhusu jambo hili vimeandikwa na Wamarekani na Wazungu, na orodha zao huanza na taa na machujio ya bei ya pikipiki. Waandishi hao wanachukulia kwamba stima iko ukutani na maji yako kwenye mfereji, saa yoyote. Kwetu Eastlands stima na maji ni kama wageni: wanakuja, wanakaa kidogo, wanaaga. Kwa hiyo orodha ya vitabu sikuifuata. Kwa kila kifaa niliuliza maswali mawili tu:

1. Stima ikipotea, kifaa hiki kinafanya nini?
2. Stima ikirudi, kinafanya nini?

Kama wewe ni mwandishi wa programu, maswali haya unayajua. Ndiyo yaleyale tunayouliza kuhusu seva. Tofauti ni kwamba seva ikianguka unaiwasha tena. Samaki akifa hawashwi.

KWANZA, HESABU YA PUMZI

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiwango hichohicho. Ongeza hapo kwamba maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mfereji, na maji ya joto hubeba kidogo kuliko maji ya baridi.

Sasa tupige hesabu. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 yakiwa kule pwani hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa kila lita. Yaleyale yakiwa huku Nairobi hubeba kama 5.5. Tanki langu lina maji lita 90. Zidisha: ni kama miligramu 500. Yaani nusu gramu, kama chumvi unayoshika kwa vidole viwili kutia kwenye sukuma. Hiyo ndiyo akiba yote, na wanaoitumia si samaki peke yao. Bakteria wanaosafisha maji nao wanapumua hiyohiyo, usiku na mchana.

Pampu zikiwa zinafanya kazi, uso wa maji unatikisika na akiba inajazwa kila wakati. Pampu zikisimama, maji yanatulia kama uji uliopoa, na akiba inaliwa bila kurudishwa. Kwa hiyo adui wa kwanza wa samaki wa bahari hapa Nairobi ni utulivu wa maji. Chumvi na ugonjwa vinafuata baadaye.

STIMA YENYEWE

Wakenya tuna historia na giza. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakaa bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilishika karibu nchi yote, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na wengi walisubiri hadi kesho yake.

Lakini giza la kitaifa huja mara chache. La mtaani ndilo la kupimwa: transfoma ya jirani, waya ulioguswa na lori, mvua ya Aprili. Kabla ya kununua hata kijiko nilichukua simu ya zamani, nikaichomeka ukutani, nikaiandikia programu ndogo inayorekodi saa kila mara chaji inapokatika na inaporudi. Niliiacha hapo miezi mitatu.

Matokeo: mara nyingi stima iliporudi hata saa moja haikuwa imeisha. Chache zilivuka saa tatu. Moja ilianza jioni ikaisha alfajiri, saa tisa nzima. Hiyo moja ndiyo niliyoijengea. Wastani haumsaidii samaki aliyekosa hewa saa nane usiku.

TANKI NA UZITO WAKE

Tanki lilitengenezwa na fundi wa vioo wa hapa mtaani: sentimita 75 kwa 35, kimo 40. Nilimwomba kioo cha milimita 8.

"Kijana wangu, nane ya nini?" akaniuliza. "Dirisha ni nne."

"Dirisha halibebi maji, fundi."

Akacheka, akakata nane. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwa maana dawa ile ni sumu kwa viumbe wa majini.

Maji lita 90 ya bahari ni kilo 92. Kioo ni kama 23. Ongeza mawe na meza, unafika kilo 150, na zote zimesimama mahali padogo. Tangu jumba la Huruma liporomoke tarehe 29 Aprili 2016, sisi wa mitaa hii hatufanyi mzaha na uzito. Tanki langu limegusa ukuta unaobeba jengo, karibu na nguzo, si katikati ya sebule. Ndiyo maana pia sikuenda juu ya lita 90 ingawa vitabu vinasema tanki kubwa ni rahisi kulitunza. Ni kweli, ni rahisi, lakini chini yangu kuna watu wamelala. Meza nimechukua ya mbao. Chuma kikikaa na chumvi, kutu haichukui likizo.

CHUJIO: HAPA NDIPO MASWALI MAWILI YALIPOFANYA KAZI

Chujio la kopo ndilo linalopendwa sana. Ni kopo lililofungwa kabisa, linakaa chini ya meza, na maji yanapita ndani yake kwenye sponji na vigae vidogo vilivyojaa bakteria. Ni kimya na linapendeza. Sasa liulize swali la kwanza. Stima ikipotea, bakteria waliofungiwa humo wanamaliza oksijeni ya kopo kwa saa chache, kisha wanaanza kufa na kuoza. Swali la pili: stima ikirudi, kopo linasukuma uchafu huo wote moja kwa moja kwa samaki. Kifaa kilichotengenezwa kusafisha kinageuka cha kutilia sumu. Nikaliacha dukani.

Chujio la kuning'inia pembeni ya tanki: stima ikipotea, maji yaliyo kwenye bomba lake yanaweza kushuka. Ikirudi, pampu huenda ikazunguka bila maji mpaka iungue. Nikaliacha pia.

Tanki la pili chini ya meza, ambalo maji hushuka kwake na kupandishwa tena: stima ikipotea, maji yaliyo juu yanaendelea kushuka mpaka mdomo wa bomba upate hewa. Kama la chini halina nafasi ya kuyapokea, yanakwenda sakafuni, na kutoka sakafuni kwa jirani wa orofa ya pili. Kwa mwenye nyumba yake linafaa sana. Kwa mpangaji, hapana.

Nilichochagua ni cha zamani na cha bei ndogo: mawe makavu ya chokaa yenye vitundu vingi, kama kilo 12, na pampu mbili ndogo za kuzungusha maji ndani ya tanki. Bakteria wanaishi kwenye vitundu vya mawe, na mawe yako wazi ndani ya maji. Stima ikipotea, mawe hayajafungiwa mahali. Ikirudi, pampu za aina hii, zenye sumaku inayozunguka, zinaanza zenyewe. Nilizichomoa na kuzichomeka mara kumi mfululizo mbele ya muuzaji. Moja iligoma mara mbili. Akanibadilishia.

Angalia pia maandishi ya nyuma ya kifaa. Kwetu ni volti 240 na hezi 50. Vifaa vilivyotumika kutoka Marekani ni volti 120 na hezi 60, hata kama bei inavutia.

Skima, ile ya kutoa uchafu kwa povu, ni nzuri, na wenye samaki wengi wanaihitaji. Lakini stima ikirudi, skima nyingi hufura povu na kumwaga kikombe cha uchafu. Kwa samaki wawili na kubadilisha maji kila wiki, nimeweza kukaa bila skima.

KIFAA KISICHO NA MSIMBO

Sasa tufike kwenye moyo wa mfumo. Ni pampu ya hewa ya volti 12 inayotumia wati 3, na betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7, kama zile za ving'ora vya wizi.

Hesabu: 12 mara 7 ni saa-wati 84. Betri ya aina hii haifai kumalizwa kabisa, tumia nusu: 42. Gawanya kwa 3, unapata saa 14. Nilihitaji tisa.

Kwa nini nisitumie kile kifaa cha akiba ya umeme tunachowekea tarakilishi? Kwa sababu kinageuza umeme wa betri kuwa volti 240 kwanza, na kazi hiyo ya kugeuza peke yake inaweza kula wati nyingi kuliko pampu yenyewe. Betri ileile iliyonipa saa 14 ingenipa saa chache tu.

Nani anawasha pampu stima ikipotea saa nane usiku? Wazo langu la kwanza mnaweza kulikisia: kompyuta ndogo, kihisi cha umeme, programu, ujumbe kwa simu. Nilichora mchoro mzima. Kisha nikauliza maswali mawili. Kompyuta hiyo yenyewe stima ikipotea inafanya nini? Kadi yake ya kumbukumbu ikiharibika? Programu ikikwama?

Mahali pake nikaweka rilei moja. Rilei ni swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme. Stima ikiwepo, sumaku inavuta swichi na njia ya betri inakatika. Stima ikipotea, sumaku inaachilia, springi inarudisha swichi, na betri inaendesha pampu. Stima ikirudi, sumaku inavuta tena, na chaja inaijaza betri. Hakuna cha kuwasha wala cha kusasisha. Mimi naishi kwa kuandika programu, na sehemu inayolinda uhai katika nyumba yangu haina hata mstari mmoja wa msimbo. Kuna kazi ambayo programu inaifaa, na kuna kazi ambayo springi inaifaa zaidi.

Usisahau vali ya njia moja kwenye mrija wa hewa. Bila hiyo, pampu ikisimama maji yanarudi kupitia mrija mpaka kwenye pampu.

JOTO

Samaki wa miamba wanataka nyuzi 25 hivi. Usiku wa Julai Nairobi nyumba inaweza kushuka chini ya nyuzi 20. Hesabu yangu ilitaka hita ya wati 100. Nikanunua mbili za 50.

Sababu ni namna hita zinavyoharibika. Mara nyingi kidhibiti chake hukwama ikiwa imewaka. Ya wati 100 ikikwama inageuza tanki kuwa supu. Ya 50 ikikwama inapandisha joto polepole, unapata muda wa kuona. Na ikifa kabisa, mwenzake anashikilia kwa kiasi. Stima ikipotea, lita 90 hazipoi ghafla, na blanketi la kawaida linasaidia sana.

MAJI NA CHUMVI

Maji ya Nairobi mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na yanafika mtaani kwa zamu, yakiwa na klorini. Siku zisizo zamu yetu tunanunua kwa mtungi, na mtungi hausemi umetoka mferejini au kwenye kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa "maji yamekuwa mazuri wiki iliyopita." Nilinunua chujio la utando, lile linalosukuma maji kwa shinikizo mpaka yabaki maji matupu, na kaboni ya kuondoa klorini mbele yake.

Chujio hili linatupa maji. Kwa kila lita safi, zaidi ya lita mbili au tatu huenda pembeni. Katika mtaa unaopanga foleni ya maji hilo ni jambo la aibu, isipokuwa uyakinge. Yangu yanaingia kwenye ndoo: ya kupiga deki na ya choo. Nabadilisha lita 9 kwa wiki, kwa hiyo maji ya pembeni ni ndoo moja na nusu hivi. Hakuna tone linalopotea.

Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa kilo, lakini ndani yake kuna magnesi kama miligramu 1,300 kwa lita na kalisi kama 400, na vingine vingi. Inabidi chumvi ya akwariamu. Lita 90 zinataka zaidi kidogo ya kilo 3. Kuna aliyenishauri nichote maji Mombasa. Ni kama kilomita 480, na mitungi mitano ya lita 20 ni mzigo wa kilo 100. Makanga gani atakubali?

Kupima chumvi nilichagua refraktometa badala ya kipimo cha plastiki chenye mshale. Unaweka tone, unatazama kwenye mwanga, unasoma. Haihitaji stima. Na vipimo vya amonia, naitraiti na naitreti ni lazima. Hivyo ndivyo macho yako.

Maji yanapokauka, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji matupu. Kuna kifaa cha kuongeza chenyewe kwa kuelea. Kikikwama, kinamwaga mtungi mzima. Mimi nina alama ya utepe kwenye kioo na jagi. Kila asubuhi, dakika moja.

Na jambo la usalama: waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi kwanza, kisha upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Ekstensheni ikae juu ya tanki, si chini yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya mfereji.

WIKI ZA TANKI TUPU

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Muda huo wote nilikuwa na tanki lenye mawe na mwanga. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mzee ambaye sote tunamwita Shosho, aliingia siku moja akatazama kwa makini.

"Mwanangu, na samaki wako wapi?"

"Wanakuja, Shosho. Kwanza wadudu wa kusafisha maji."

"Umenunua wadudu?"

"Hapana Shosho, wanakuja wenyewe."

Akanitazama kama mtu wa kuombewa.

Katika wiki hizo nilifanya jaribio. Jumamosi saa kumi na mbili jioni nilizima swichi kuu ya nyumba. Pampu ya hewa ikaanza yenyewe. Nilifunika tanki kwa blanketi nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi mapovu yalikuwa bado yanapanda, na joto lilikuwa limeshuka kutoka nyuzi 25 hadi 22.5. Nikawasha. Hakuna kilichomwagika, kila pampu ikaanza.

Kwa nini nijisumbue hivi kabla ya samaki? Kwa sababu samaki wengi wa bahari wanaouzwa kwa ajili ya akwariamu hawazaliwi shambani. Pwani yetu wapiga mbizi wamekuwa wakiwakamata kwa nyavu ndogo kwa miongo kadhaa, na wengi wao husafirishwa ng'ambo. Miamba yenyewe imeshateseka: joto la bahari la El Niño ya 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, lakini bahari ni moja. Nilijiambia kwamba tumbawe hai silinunui, na samaki hawezi kuwa chombo cha kujaribia vifaa. Akitolewa mwambani aje orofa ya tatu Umoja, angalau akute hewa.

Ninao wawili sasa, wale wadogo wenye mistari wanaoishi na anemoni, ambao wengi waliwajua kwa filamu ya Finding Nemo ya 2003. Wakitunzwa vizuri wanaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mimi sijui nitakuwa nyumba gani baada ya miaka 10, kwa hiyo kila kifaa nilichonunua kinabebeka na watu wawili kwenye ngazi.

Kama unaanza leo, nunua kwa mpangilio huu: simu ya zamani ya kupimia stima, betri na pampu ya hewa, vipimo, chujio la maji, tanki, mawe, pampu, hita. Taa mwisho, kwani samaki hawa hawahitaji taa kali. Samaki baada ya taa, na baada ya kuzima swichi kuu usiku mzima.

Alhamisi iliyopita stima ilipotea saa tatu usiku. Mtaa mzima ukapiga ile kelele yake. Gizani nilisikia mlio mdogo wa rilei ikiachilia, kisha mapovu. Nikaenda kutafuta blanketi.